Qalqala Ndani ya Injini

Shukrani zote ni za Mola aliyetupa masikio kabla ya kutupa maneno. Mtoto husikia tangu tumboni, na kusema hungoja hadi mwaka wa pili. Namshukuru kwa umri alionijalia, na kwa kuniachia kumbukumbu hii ikiwa nzima wakati nyingine nyingi zimekwisha kuchakaa. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Baada ya hayo, msomaji wangu, karibu, kaa, nikusimulie.

Juma lililopita nilikuwa barazani kwangu hapa Buyenzi nikiwasikiliza watoto wa chuo cha Kurani. Mtaa ulikuwa kimya kwa siku nyingi, kwa sababu mafuta yameadimika mjini na magari yamelala kwenye foleni kama ng'ombe wanaongoja mvua. Ghafla, nyumba ya tatu, mtu akawasha gari lake. Likakohoa, likanguruma, na chini ya ngurumo nikasikia kitu kikigonga: tak, tak, tak, kwa upole, kama mtu anayebisha hodi huku akiogopa kuamsha wenyeji. Niliinua kidole bila kujua. Mtoto aliyekuwa akisoma akanyamaza, na wenzake wakamtazama wakidhani amekosea herufi.

"Endelea, mwanangu," nikamwambia. "Aliyekosea ni gari."

Walicheka sana. Mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka pale. Nilikuwa na miaka kumi, nimesimama kwenye ua wa nyumba moja kule Gihosha, kipini cha mti cha bisibisi kikiwa kimebanwa sikioni mwangu.

Baba yangu, Fundi Ramadhani, alitengeneza magari. Karakana yake ilikuwa ua wa nyumba yetu, wenye udongo mweusi uliolewa oili hata mvua haikuweza kuuingia. Hakujua kusoma Kifaransa, na vitabu vya magari aliviwekea vikombe vya chai juu. Alichokuwa nacho ni bisibisi moja ndefu kama mkono wangu. Gari likiletwa, aliliwasha, akaweka ncha ya bisibisi juu ya injini, akainamisha kichwa na kubana kipini chake sikioni. Alisimama hivyo kwa muda mrefu, macho yamefumbwa. Kisha alikwambia ugonjwa. Watu walitoka Kamenge na Kanyosha kuja kumsikilizisha magari yao.

Mwaka ule mambo yalianza kuharibika. Alimwambia mwenye teksi mmoja kwamba injini yake haina neno, na kabla siku mbili hazijapita injini ikavunjika njiani na abiria ndani. Mwezi uliofuata alifungua injini nzima akitafuta ugonjwa ambao haukuwemo. Mji wetu haukuwa mkubwa. Mafundi wengine, hasa Fundi Juma wa barabara ya pili, walianza kusema kwa huruma ile yenye meno: "Muzee Ramadhani amechoka, muache apumzike." Asubuhi zikawa zinapita bila gari hata moja kuingia uani, na Baba alikuwa akipanga spana zake kwa ukubwa, kisha akazipanga tena.

Katika hali hiyo ndipo alipotangaza kwamba atanunua gari la sport.

Lilikuwa la mzungu mmoja mzee wa Gihosha aliyekuwa akijiandaa kurudi kwao. Lilikuwa na milango miwili tu, pua ndefu, na tumbo lililokaribia kugusa ardhi. Rangi yake nyekundu ilikuwa imepigwa jua hadi ikawa ya tofali. Mafundi wote wa Buyenzi walikwenda kulitazama na wote walilikataa. Walisema limekimbia mno na injini inagonga, na kwamba hata likifa hakuna atakayepata vipuri vya kulizika. Baba aliyasikia yote. Alisema, "Wakilikataa wote, na mi nikalipandisha Bugarama, watasema nini?"

Wasioijua barabara ya Bugarama niwaambie: inatoka mjini na kupanda mlima bila kupumzika, kona juu ya kona, na enzi zile kila gari kuukuu liliposimama kuomba maji, ni pale liliposimama. Fundi ambaye gari lake lilifika juu bila kuomba maji hakuhitaji kujisifu.

Habari ilienea mtaani kabla hata hatujakwenda kulitazama. Jioni moja nahodha wa timu yetu ya mpira alikuja na wachezaji wawili, wamevaa vizuri, wakampa Baba mkono kwa heshima.

"Muzee, tumesikia unanunua gari ya sport. Tunashukuru sana. Inabeba wachezaji wangapi?"

"Wawili," alisema Baba.

Nahodha alifikiri. "Basi itabeba golikipa na mpira," akasema, na wakaondoka wakiwa wamekata tamaa na maendeleo ya michezo katika nchi hii.

Mama hakucheka. Fedha za gari zingetoka kwenye akiba yote ya nyumba, na Baba alikuwa amekwisha kuuza pikipiki yake. Nilingoja apinge. Alikaa akichambua mchele, akauchambua hata uliokwisha kuwa safi, kisha akasema jambo moja tu: "Nenda na mutoto."

Nilifurahi nikadhani ni zawadi.

Tulifika Gihosha alasiri. Tulipokelewa na Saidi, komisioneri, yaani yule dalali anayekutanisha muuzaji na mnunuzi na kula katikati. Alikuwa mtu mwembamba mwenye maneno mengi, na alizunguka gari akilipigapiga mabegani kama anauza farasi.

"Karibu, muzee wangu! Gari ndiyo hii. Tazama kilometa yake, iko elfu makumi matatu na nane tu. Bado mubichi!"

Baba hakutazama saa ya kilometa. Alifungua mlango, akachuchumaa, akatazama kanyagio. Mpira wa kanyagio la klachi ulikuwa umelika wote, chuma kimebaki kinang'aa kama kijiko.

"Saa hii imezunguka," alisema. "Ilifika mwisho, ikaanza tena."

Mzungu mzee, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi na kikombe cha kahawa, alielewa ishara ya kidole kabla ya kuelewa Kiswahili. Akainua vidole viwili. Mara mbili. Alikwenda nalo Bukavu na Kigali kwa miaka mingi, alisema, na hakuona haya kulisema. Saidi alimtazama kama mtu aliyemwagiwa unga.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuingia. Kiti kilikuwa cha ngozi iliyopasuka, kinanukia jua, tumbaku na kitu kitamu nisichokijua. Nilishika usukani mwembamba wa mti, nikajiona nikipita mbele ya chuo chetu huku wasichana wote wakiangalia. Tangu dakika ile nililitaka gari lile kwa moyo wangu wote.

Saidi aliliwasha. Baba aliweka bisibisi juu ya injini, akasikiliza. Akahamisha, akasikiliza. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: aliuma kipini cha bisibisi kwa meno, akafumba macho. Saidi aliangua kicheko. "Muzee, hiyo si muhogo!" Baba alifumbua macho. Alinipa kipini.

"Sikiliza. Niambie."

Niliweka sikio. Mlio ulinijaa kichwani, mzito na wa raha, na sikusikia chochote kibaya. "Safi, Baba," nikasema haraka. Na kweli ulikuwa safi. Lakini nakiri, hata usingekuwa safi ningesema hivyo hivyo.

Nadhani aliiona haraka yangu. Aliweka kiganja juu ya kapo, kile kifuniko cha injini, na kukiacha hapo.

"Saidi. Gari hii mumeiwasha saa ngapi?"

"Kidogo tu, muzee, ili usisumbuke."

"Kapo iko moto kama sufuria. Tutarudi kesho asubuhi. Musiiguse."

"Lakini kuna mutu mungine anakuja leo leo na pesa mukononi!"

"Naye umwambie ashike kapo," alisema Baba, akanishika mkono, tukaondoka kwa miguu.

 Tulipokaribia nyumbani Baba alisimama, akanitazama, akasema: "Zaina, kesho sitaki jibu la kunifurahisha. Ukiwa chuoni, mwenzio akikosea herufi nawe ukasema amepatia, umemusaidia?"

"Apana, Baba."

"Basi."

Asubuhi tulitoka mara baada ya sala. Gari lilikuwa na umande, na kapo lilikuwa baridi. Saidi aliwasha kwa uso wa mtu anayefungua barua asiyoitaka. Injini ilikataa mara mbili, ya tatu ikakubali, nami nikabana kipini sikioni.

Pale pale nikasikia. Tak, tak, tak.

Sasa msomaji, nifikirie. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi, sikujua jina la chuma hata kimoja kilichokuwa ndani ya tumbo lile. Nilijua jambo moja tu, nalo ni kusoma. Mwaka ule mwalimu wetu wa chuo alikuwa akitufundisha tajwidi, sheria za kuzipa herufi haki zake. Zipo herufi tano ambazo zikikosa irabu hazitakiwi kufa mdomoni. Unazirusha kidogo, ziruke kama kipira kabla ya kutua. Huko kuruka kunaitwa qalqala. Na ipo sauti nyingine ya puani, ndefu, inayovuma kama nyuki ndani ya kibuyu. Hiyo inaitwa ghunna. Mwalimu alitugonga vidole kwa ajili ya hizo mbili hadi nikaanza kuzisikia kila mahali, kwenye kinu, kwenye cherehani ya jirani.

Nilijua pia kwamba mafundi wengine walilikataa gari hili kwa ajili ya kugonga kule kule. Nikisema, tunarudi nyumbani kwa miguu, na usukani wa mti nauaga. Midomo yangu ilikuwa tayari kusema safi. Baba aliinama mbele yangu, uso wake karibu kabisa na wangu, akiitazama midomo hiyo.

"Baba," nikasema, na machozi yalikuwa yamekwisha kufika, "iko qalqala."

Hakukasirika. Aliuliza kama mwalimu: "Wapi?"

Nikahamisha ncha ya bisibisi, mbele, nyuma, mbele tena. "Hapa. Ya pili kutoka mbele."

"Ndogo ao kubwa?"

Naye alikuwa amepita chuo kile kile. Qalqala ndogo huwa katikati ya neno, msomaji akipita. Kubwa huwa pale anaposimama, herufi ikagonga kwa nguvu zote. Nilisikiliza. "Ndogo. Inapita tu."

Akakanyaga mafuta, akaachia ghafla. "Na sasa, nikiachia? Inagonga zaidi?"

"Apana. Inakaa vile vile."

"Vizuri. Tunangoja."

"Munangoja nini?" aliuliza Saidi.

"Ipate moto."

Tulingoja. Jua lilitoka juu ya vilima, mzungu akaletewa kahawa ya pili na mimi nikapewa mkate wenye siagi. Kila baada ya muda Baba alinirudisha kwenye kipini. Imebaki? Imebaki, lakini ni laini. Imebaki? Kidogo, Baba, kama ya mutoto anayejifunza. Mara ya nne nilisikiliza hadi shingo ikauma. Ile tak ilikuwa imekwenda zake. Ulibaki mvumo mmoja tu, mrefu, wa puani.

"Qalqala imeisha," nikasema. "Ghunna tu."

Saidi alirusha mikono juu. "Wallahi, munanunua gari ao munahitimisha msahafu?"

Baba alicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu teksi ile ivunjike. Alinieleza baadaye, nikaelewa nusu. Kugonga kunakozidi injini ikipata moto ni kifo. Beringi za ndani zimekwisha. Lakini kugonga kwa asubuhi kunakotoweka kwa joto ni pistoni iliyolegea katika nyumba yake kwa uzee, na uzee si maradhi ya kuzikwa. Wenzake walikuja asubuhi, wakasikia kugonga, wakakimbia. Ndiyo maana Saidi akaanza kulipasha moto, na waliokuja baadaye wakakimbizwa na kilometa. Hakuna aliyekaa kutoka baridi hadi joto. Na hizo kilometa, alisema, ni za barabara ndefu. Gari huzeeka zaidi kwa kusimama kuliko kwa kwenda.

Alimweleza mzungu ukweli wote kwa mikono, akionyesha pistoni kwa ngumi ndani ya kiganja. Mzee wa watu akatikisa kichwa, akashusha bei bila kuombwa, wakapeana mikono. Tulirudi Buyenzi tukiwa tumeketi chini kabisa, karibu na lami, na mbele ya chuo Baba alipunguza mwendo mwenyewe. Sikumwomba.

Kazi ilichukua miezi miwili. Pistoni alizipata kwa fundi mwenzake wa Uvira, hazikuwa za gari lile, akazichonga hadi zikakubali. Aliponiwashia injini kwa mara ya kwanza nikasikiliza, ikawa ghunna tangu baridi. Jumapili iliyofuata akatangaza kwamba anapanda Bugarama.

Fundi Juma alitufuata na teksi aliyoitengeneza mwenyewe, akiwa na watu watatu na dumu kubwa la maji, kwa ajili yetu, alisema, kwa ajili ya udugu. Tulipanda. Baba aliendesha kwa mikono miwili, nami nilikuwa nimeweka kiganja na sikio kwenye ubao wa mbele, nikimwambia kwa sauti kubwa kila kona: inavuma tu, Baba, inavuma tu. Migomba ikawa midogo chini yetu, hewa ikapoa, ukungu ukaingia dirishani. Tulipofika juu sokoni Bugarama, mshale wa joto ulikuwa umekaa katikati kama mtu aliyeshiba. Tulinunua karoti, tukala tukingoja. Fundi Juma alifika baada ya muda mrefu, dumu likiwa tupu. Maji yote yalinywewa na teksi yake.

Alishuka, akatembea kulizunguka gari letu mara moja. "Ramadhani," alisema, "hebu siku moja uje unisikilizie yangu." Ile huruma yenye meno ilikuwa imekwisha.

Kuanzia Jumatatu magari yalirudi uani. Na kuanzia Jumatatu, kila nilipotoka chuoni, Baba alikuwa ananingoja na bisibisi. Kwa miaka saba nilisikiliza magari ya mji huu. Watu walisema Fundi Ramadhani anamrithisha binti yake kazi, na wengine walimlaumu. Nami niliamini hivyo, nikatembea kichwa juu.

Baba alipofariki, Mungu amrehemu, nilikuwa mwanamke mwenye watoto. Siku ya arobaini tulikaa chumbani mimi na Mama tukikunja nguo zake za kugawa, na nikasema jinsi alivyonifundisha kusikia.

Mama alikunja shati moja hadi mwisho. "Babako hakusikia moteri tangu we uko mutoto wa miaka tisa," alisema. "Sikio la kuume lilikufa kwanza. La kushoto likafuata. Alibaki na maneno ya karibu, na kutazama midomo ya watu."

Nilikaa na lile shati mapajani. Mama yangu, niwaambie, alijulikana Buyenzi nzima kwa ukali. Aliongea na mumewe kwa kelele, asubuhi na jioni, hata majirani walikuwa wakimhurumia Baba, na wazee walipata kuja mara mbili kumnasihi mke awe mpole. Aliwapikia chai, akakubali makosa. Kwa miaka yote hiyo alikubali kuitwa mwanamke mkali ili mumewe asiitwe fundi kiziwi. Nami, binti yake, nilikuwa nikimwonea haya.

Lakini lililoninyima usingizi baada ya hapo ni lile la asubuhi ya Gihosha. Nilikuwa nimedhani Baba ananijaribu, kwamba jibu analo tayari na anataka kuona kama nami nimelipata. Hakuwa nalo, na ndiyo maana siku iliyotangulia alikiuma kipini, ajaribu kusikia kwa meno. Pale alipoinama akaitazama midomo yangu, akiba yote ya nyumba, na jina lake, na mkate wetu, vilikuwa juu ya neno litakalotoka kwa mtoto wa miaka kumi aliyelipenda gari. Kama ningesema safi, asingengoja lipate moto, asingejua cha kungojea. Angenunua. Na kama beringi zingekuwa zimekwisha, angekwama kwenye kona ya kwanza ya Bugarama, Fundi Juma nyuma yake na dumu la maji.

Hakunishuku. Baada ya kuniambia jana yake asichokitaka, alinyamaza na kuniamini, kana kwamba nilikuwa mtu mzima.

Msomaji wangu, Mola akulinde masikio yako na ulimi wako. Akupe mtu wa kukuamini kabla hujastahili, akupe na nguvu ya kustahili siku hiyo hiyo. Awarehemu waliobeba aibu kwa ajili yetu nasi hatukujua. Na ukiwa safarini unaposoma haya, akufikishe juu ya mlima wako salama. Amina.